Mlonge, mwani, alizeti pori au maji ya kuchachusha: upulizie kipi kwenye zao lako?

Anayetafuta kitu cha mimea cha kuongeza mavuno hukutana na ahadi zinazofanana kama pacha. Juisi ya majani ya mlonge, mwani wa kwenye chupa, alizeti pori iliyolowekwa kwenye pipa, vichipukizi vilivyochachushwa na sukari: kila kimoja kinasifiwa kwamba kinakuza, kinanenepesha na kuzidisha matunda. Sifa zinafanana, lakini vitu vyenyewe havifanani. Kimoja ni chakula cha mmea. Viwili si chakula hata kidogo, ila vinaupa mmea taarifa ya kubadili mwenendo wake. Cha nne kiko katikati, na nitakisemea wazi kwamba sifa zake zimeutangulia ushahidi.

Wengi hukosea hapa mapema. Zao lenye njaa ya naitrojeni hupuliziwa kichocheo, halijibu, na mwenye shamba anahitimisha kwamba mambo ya mimea ni porojo. Au zao lililoshiba linamwagiwa mbolea ya majimaji, linatoa majani tele na maua machache.

Vigezo vya kulinganishia

Cha kwanza: kinalisha au kinaamsha? Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2019/1009, iliyoanza kutumika Julai 2022, imeweka mpaka huu vizuri. Kichocheo cha mimea, kwa mujibu wake, ni kile kinachosaidia mmea bila kutegemea virutubisho vilivyomo ndani yake: kinaufanya utumie virutubisho kwa ufanisi zaidi, uvumilie ukame, joto au chumvi, utoe zao bora zaidi, au upate virutubisho vilivyofungika udongoni. Kinacholisha ni mbolea, hata kama kimetoka kwenye jani.

Cha pili: dozi inayofika kwa mmea mmoja. Nakipenda kigezo hiki kwa sababu hakihitaji maabara, kinahitaji hesabu tu, na hesabu hiyo inafichua mengi ambayo lebo haisemi.

Cha tatu ni kazi: kukata, kusaga, kusubiri, kuchuja, kuhifadhi. Cha nne ni uzito wa ushahidi. Cha tano ni hatari, kuanzia kuunguza majani hadi kuchafua mboga zinazoliwa mbichi.

Juisi ya majani ya mlonge

*Inachofanya.* Majani machanga ya mlonge yana zeatini, homoni ya kundi la saitokinini. Saitokinini huhimiza seli kugawanyika na huchelewesha majani kuzeeka. Hilo la pili ndilo lenye faida kubwa kwa mkulima: jani likibaki kijani siku kadhaa zaidi wakati punje au tunda linajaa, linaendelea kutengeneza chakula na kukipeleka huko. Ndani ya juisi hiyo mna pia vitamini C, potasiamu na kalisi, lakini si hivyo vinavyoleta tofauti. Piga hesabu: kipimo kilichozoeleka ni takriban mililita 25 za mchanganyiko kwa kila mmea, na juisi yenyewe humo ni sehemu moja kwa 30 za maji. Kila mmea unapata juisi isiyofika mililita moja. Hakuna mmea unaoweza kushiba kwa tone hilo. Ukijibu, umejibu taarifa, haukulishwa.

*Ushahidi.* Sifa za mlonge zilienea kutokana na kazi ya mtafiti Nikolaus Foidl na wenzake huko Nicaragua, waliochapisha matokeo mwaka 2001 na kuripoti ongezeko la mavuno la asilimia 20 hadi 35 kwa mazao mbalimbali. Baada yao, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Faisalabad nchini Pakistan kimefanya majaribio mengi ya kupulizia na ya kuloweka mbegu, hasa kwa ngano na mahindi, na mengine kwenye mazingira ya ukame na chumvi. Kwa hiyo si uvumi. Ila asilimia hizo zisichukuliwe kama deni ambalo shamba lako linadaiwa: ni za mashamba yaliyotunzwa, kwenye majaribio, na watu wanaojua wanachopima.

*Kutayarisha.* Chuma majani ya matawi laini, si yale yaliyokomaa na kuanza kupauka. Yasage kwa kinu au blenda na maji kidogo, kama lita moja kwa kilo 10 za majani, kisha kamua na uchuje kwa kitambaa cha nyuzi nzito. Uchujaji usifanyiwe haraka, maana chembechembe za mlonge huziba pua ya bomba la kupulizia kuliko unavyofikiri. Nusu lita ya juisi inatosha bomba la mgongoni la lita 16. Pulizia asubuhi mapema au jioni, mara ya kwanza siku kumi hivi baada ya miche kuchomoza, halafu kabla ya maua na wakati matunda yanaanza kushika. Makapi yapeleke kwenye mboji au kwa mifugo.

*Inapokwama.* Juisi hii haikai. Ushauri uliotokana na kazi ya Nicaragua ni kuitumia ndani ya saa tano, la sivyo igandishwe. Chupa iliyokaa dirishani siku tatu ni maji yanayonuka tu. Tena nguvu yake haitabiriki, kwa kuwa kiwango cha zeatini kilichopimwa kwenye majani ya mlonge kinapishana mno, kutoka mikrogramu 5 hadi 200 kwa gramu moja. Mkamuo wa leo na wa wiki ijayo, kutoka mti uleule, unaweza kuwa na nguvu tofauti kabisa.

Halafu kuna suala la ukubwa wa shamba. Hekta moja ya mahindi yenye mimea 50,000 ingehitaji lita 1,250 za mchanganyiko kwa mpuliziko mmoja, yaani mabomba 78 na lita 40 za juisi mbichi, yote kabla haijaharibika. Kwenye bustani ya nyanya ni kazi ya asubuhi moja. Kwenye hekta nzima ni mradi.

*Inamfaa nani.* Mwenye miti ya mlonge karibu, bustani au kitalu, na udongo ambao tayari una samadi au mboji ya kutosha. Kuloweka mbegu ndiyo njia rahisi ya kuanzia, kwa kuwa juisi kidogo inahudumia mbegu nyingi.

Dondoo la mwani

*Inachofanya.* Hapa pana mkanganyiko ambao wauzaji hawaharakishi kuuondoa: mwani si kitu kimoja. Madondoo mengi ya dukani, yaani vimiminika vilivyotolewa kwenye mwani, hutoka kwenye Ascophyllum nodosum, mwani wa kahawia wa maji baridi ya Atlantiki ya Kaskazini, na mara nyingi hupikwa na kemikali ya kialkali ili ukuta wa seli uachie. Mengine hutoka kwenye Ecklonia maxima wa pwani ya kusini mwa Afrika, ambao hupasuliwa kwa shinikizo bila moto. Mwani wa maji ya joto wa jamii ya Kappaphycus nao hukamuliwa mbichi. Taasisi ya utafiti ya CSMCRI huko Bhavnagar, India, imeufanyia kazi sana utomvu wake.

Tofauti hizo zina maana shambani. Dondoo la Ecklonia lina auksini nyingi kuliko saitokinini, na auksini ni homoni ya kuchipuza mizizi, ndiyo maana hutumika kuchovyea miche na vipandikizi. La Ascophyllum hufanya kazi kwa mzunguko zaidi: watafiti wameonyesha kwamba linachochea jeni za mmea zinazosimamia homoni zake wenyewe. Pamoja na hayo, mwani una alginati, manitoli na betaini, vitu vinavyohusishwa na uwezo wa mmea kustahimili ukame na chumvi.

*Ushahidi.* Kati ya haya manne, mwani ndio uliopimwa zaidi. Madondoo ya maji yake yamekuwa sokoni tangu katikati ya karne ya 20. Mfano unaojirudia ni huu: faida inaonekana zaidi pale zao linapobanwa na ukame, joto, chumvi au mshtuko wa kuhamishwa kitaluni, na inapungua pale maji na chakula vinapotosha. Kwa hiyo mtu anayemwagilia vizuri na kuweka mbolea ipasavyo anaweza kununua chupa nzuri, kufuata maelezo yote, na asione kitu. Chupa haikuwa na kosa, ila haikukuta tatizo la kutatua.

*Kutayarisha.* Soma lebo, pima, changanya; mara nyingi ni mililita chache kwa lita ya maji. Wengine huosha mwani uliotupwa ufukweni na kuuloweka wiki kadhaa. Unapata mbolea hafifu yenye potasiamu, si dondoo la kiwandani, na chumvi isipooshwa vizuri unaihamishia shambani.

*Inapokwama.* Wakati. Mwani unapuliziwa kabla ya dhiki au mwanzoni mwake. Majani yakishajikunja na kukauka ncha, umechelewa. Pili, uaminifu wa chupa: lebo isiyotaja aina ya mwani, kiasi cha yabisi kilichomo, wala tarehe ya kutengenezwa, iache palepale kwenye rafu.

*Inamfaa nani.* Mwenye eneo kubwa kuliko uwezo wake wa kusaga majani, anayelima zao lenye thamani, na anayejua msimu wake una kipindi kibaya kinachotabirika.

Maji ya alizeti pori

*Inachofanya.* Hii ni mbolea, na niseme bila kuzunguka. Alizeti pori, Tithonia diversifolia, kichaka cha maua ya njano kinachoota kandokando ya njia na mipakani mwa mashamba, ina majani yenye utajiri wa ajabu. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2000 ulikuta takriban asilimia 3.5 ya naitrojeni, 0.37 ya fosforasi na 4.1 ya potasiamu kwenye majani makavu. Na yanaoza upesi, hivyo chakula hicho hutoka mapema.

Sasa turudi kwenye hesabu. Kilo 10 za majani mabichi, yakiondolewa maji, zinabaki na kilo moja na nusu hadi mbili. Humo mna gramu 60 hivi za naitrojeni. Gunia la kilo 100 la mahindi makavu hubeba kama kilo moja na nusu ya naitrojeni kwenye punje peke yake. Ungehitaji robo tani ya majani mabichi kurudisha kilichoondoka na gunia moja, na hapo tumejifanya kwamba hakuna kilichopotea njiani. Pipa la maji ya alizeti pori linaweza kuiokoa bustani ya mboga. Haliwezi kulisha shamba la mahindi, na anayekuambia linaweza hajakaa na kalamu.

*Ushahidi.* Ni imara kwa majani yaliyofukiwa moja kwa moja udongoni, ambako ndiko utafiti mwingi ulikofanyika. Kwa maji yaliyolowekwa, mantiki ni ileile ila kiasi kinapungua, kwa sababu si kila kitu huyeyuka. Kama huna haraka, kufukia majani au kuyatandaza kama matandazo ni matumizi bora kuliko pipa. Faida ya pipa ni kasi: mmea uliopauka unarudi kuwa kijani ndani ya siku chache.

*Kutayarisha.* Kata majani na matawi laini kabla mmea haujatoa mbegu, yakatekate, yajaze kwenye gunia, lining'inize ndani ya pipa la maji lenye kivuli, koroga kila siku chache kwa wiki mbili hivi. Zimua hadi maji yawe na rangi ya chai nyepesi, kisha mimina shinani. Harufu yake itakufanya ukumbuke kufunika pipa.

*Inapokwama.* Usiipulizie kwenye mboga za majani zinazoliwa mbichi: maji yaliyooza siku kadhaa yanaweza kubeba vijidudu. Usitegemee fosforasi yake, ni kidogo. Na kama unakata majani ya shamba lako upande wa kaskazini kulisha upande wa kusini, umehamisha rutuba, hujaiongeza. Alizeti pori pia ni gugu linaloenea kwa fujo, kwa hiyo pale isipokuwepo, kuipanda kwa ajili ya pipa ni kujitafutia kazi ya miaka.

*Inamfaa nani.* Mwenye zao lenye njaa inayoonekana, bustani ndogo, na kichaka hicho tayari kinamsumbua mpakani.

Maji ya vichipukizi yaliyochachushwa na sukari

*Inachofanya.* Njia hii imeenezwa na kilimo asilia cha Korea, mfumo ulioanzishwa na Cho Han-kyu. Unachukua ncha changa za mimea inayokua kwa kasi, unazichanganya na sukari ya kahawia, nayo sukari inavuta utomvu nje huku chachu ya asili ikianza kazi. Wazo ni kwamba ncha hizo zina homoni za ukuaji, nawe unazihamishia kwenye zao. Kwamba ncha za mimea zina homoni ni kweli. Kwamba homoni hizo zinavuka siku saba za kuchacha zikiwa na nguvu ya kutosha, kisha zinazimuliwa mara 500 hadi 1,000 na bado zinaamrisha, hilo halijathibitishwa kwa uzito unaolingana na mlonge au mwani. Inawezekana kinachosaidia ni sukari, asidi na vijidudu vyenyewe.

*Kutayarisha.* Kata ncha alfajiri, usizioshe, changanya na sukari yenye uzito sawa au nusu yake, weka kwenye chombo chenye mdomo wa kufunikwa kwa karatasi au kitambaa. Baada ya siku tano hadi saba chuja. Kwa bomba la lita 16 unahitaji mililita 16 hadi 32 tu. Usiweke kifuniko cha kukaza wakati bado kinachacha, maana gesi itatafuta pa kutokea.

*Inapokwama.* Sukari ndiyo gharama yake halisi. Ukizidisha kipimo, majani yanabaki na utando mtamu unaoalika sisimizi na ukungu.

*Inamfaa nani.* Anayependa kujaribu, mwenye eneo dogo, anayehitaji kitu kinachokaa muda mrefu kuliko juisi ya mlonge. Kwa huyo, si chaguo baya. Kwa anayetegemea mavuno ya msimu huu kulipa deni, ningemshauri asianzie hapa.

Kabla ya kupulizia shamba zima

Mwaka 1977, Stanley Ries na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan walitangaza kwamba unga wa majani ya alfalfa, mmea wa malisho ya mifugo, uliongeza ukuaji wa mazao kupita naitrojeni iliyokuwemo, na kwamba siri ilikuwa trayakontanoli, kitu kilichomo kwenye nta ya majani. Kilifanya kazi kwa kiasi kidogo mno. Msisimko ulikuwa mkubwa. Kisha wengine wakakijaribu mashambani: penye joto na penye baridi, kwenye zao hili na lile, na majibu yakawa ya kupanda na kushuka. Madondoo yote ya kuamsha mmea yana tabia hiyo, mlonge na mwani wakiwemo, kwa sababu mmea hupokea taarifa kulingana na hali yake ya siku hiyo.

Kwa hiyo acha mistari isiyopuliziwa. Isiwe ya pembeni, ambako jua na upepo ni tofauti. Iwe katikati, na ipuliziwe maji matupu siku ileile ili usije ukasifu dondoo kwa kazi ya maji. Pima mavuno kwa mizani, kwani macho huona kijani na kudhani ni kilo. Na usichanganye vitu viwili kwa mara moja, maana ukifaulu hutajua umshukuru nani.

Tahadhari nyingine inahusu yanayokusanywa porini au kandokando ya njia. Majani yaliyowahi kupigwa dawa ya magugu yataibeba hadi kwenye nyanya zako, na nyanya hazivumilii baadhi ya dawa hizo hata kwa kiasi kidogo. Kama shamba lako lina cheti cha kilimo hai, muulize anayekikagua kabla ya kununua chupa yoyote.

Uchague kulingana na hali yako

Majani ya chini yanageuka njano na mmea umedumaa, udongo haujaona samadi muda mrefu: anza na chakula. Maji ya alizeti pori kwa bustani. Kwa shamba, samadi, mboji au mbolea ya kawaida. Vichocheo visubiri.

Zao limeshiba, mvua ni nzuri, unatafuta nyongeza kidogo: mlonge kama miti iko karibu na eneo ni dogo. Usitarajie muujiza, na kama mistari yako ya maji matupu imelingana na mingine, pumzisha mikono yako.

Kiangazi kinakuja katikati ya maua, au maji yako ya kumwagilia yana chumvi: mwani, uliopuliziwa kabla ya kipindi hicho. Kama hauko ndani ya uwezo wako, mlonge una ushahidi wa kutosha kwenye dhiki hizo kustahili kujaribiwa.

Unahamisha miche au unapandikiza vipande: dondoo la mwani lenye auksini nyingi, kwa kuchovya mizizi. Kwa mbegu, loweka kwenye juisi ya mlonge iliyozimuliwa, kausha kivulini, panda.

Mboga za majani za kuliwa mbichi: mwani wa chupa au juisi ya mlonge ya siku hiyohiyo. Vilivyooza na kuchacha vibaki kwenye udongo, na visitumike karibu na kuvuna.

Na kama maji yanatuama, udongo una asidi kali, au miche imeshika virusi, hakuna hata kimoja kati ya vinne hivi kitakachosaidia. Hapo chimba mifereji, weka chokaa, au ng'oa iliyougua.